Je, Mwalimu Aifiche Kura Yake?

Katika kazi ya ualimu zimo hofu nyingi ambazo mtu wa nje hazijui. Iko hofu ya mkaguzi, iko hofu ya matokeo ya mtihani wa taifa, iko hata hofu ya chaki kwisha katikati ya juma. Hizo huzoeleka. Lakini iko hofu moja isiyozoeleka, nayo humjia mwalimu siku ile anapoandika ubaoni hoja ya siasa, akaligawa darasa pande mbili, akaenda kuketi nyuma karibu na dirisha, akawaachia watoto maneno. Tangu dakika ile neno si lake tena. Laweza kutoka kinywani mwa kijana wa miaka 16, likavuka ukuta, likafika mezani kwa mkuu wa shule kabla kengele haijalia.

Pamoja na hofu hiyo huja furaha, na walimu waliowahi kuionja husema kwamba ni tofauti kabisa na furaha ya kuona darasa zima limefaulu. Twataka leo kuzungumza juu ya mambo hayo mawili, maana twaona kwamba yametoka katika mzizi mmoja, na katika mzizi huo limo swali ambalo wazazi na walimu hawana budi kulitazama usoni. Mwalimu aongozapo mjadala wa siasa, je, aifiche kura yake? Na akiificha, huo ni uaminifu, au ni woga tu uliovikwa kanzu ya heshima?

Ili tusiseme hewani, tumfikirie mwalimu wa Uraia katika sekondari moja ya kutwa mjini Mbeya, mwezi Septemba wa mwaka 2015. Uchaguzi Mkuu umewekwa tarehe 25 Oktoba. Kule Mwanjelwa bendera za vyama zinapepea hata juu ya meza za nyanya. Kiti cha Ubunge cha Mbeya Mjini kimekuwa mikononi mwa CHADEMA tangu mwaka 2010, kwa Bwana Joseph Mbilinyi, kama vile kiti cha Iringa Mjini kilivyo kwa Mchungaji Peter Msigwa. Serikali nayo ni ya CCM. Basi katika dawati moja huketi mtoto wa diwani, na mtoto wa askari polisi, na mdogo wake kijana aliyepakwa rangi za chama hadi kwenye pikipiki yake.

Tena mwaka ule ulikuwa na jambo la kuwachanganya hata watu wazima. Bwana Edward Lowassa, aliyejiuzulu Uwaziri Mkuu mwezi Februari 2008 kwa ajili ya kashfa ya Richmond, alikuwa ametoka CCM mwezi Julai akawa mgombea Urais kwa tiketi ya CHADEMA, akiungwa mkono na vyama wenzi wa UKAWA. Kwa usiku mmoja, wengi waliokuwa wakimshutumu wakaanza kumsifu, na wengi waliokuwa wakimtetea wakaanza kumshutumu. Watoto waliyaona hayo. Watoto huyaona yote, ila hawaulizwi. Mwalimu wetu akaona hapo pana somo kuliko lolote lililomo kitabuni, akaandika ubaoni: Mpiga kura amtazame mtu kuliko chama.

Mkono wake, twaamini, ulitetemeka kidogo alipoandika. Aliwaza juu ya mkuu wa shule, aliwaza juu ya afisa elimu, aliwaza juu ya mzazi mmoja mwenye sauti kubwa. Aliwaza pia juu ya mkopo wake benki na juu ya barua ya uhamisho, ambayo huweza kumpeleka mtu mahali ambapo basi hufika mara mbili kwa juma. Tusimcheke. Mwenye kulea watoto wanne kwa mshahara mmoja ana haki ya kuwaza juu ya mshahara huo.

Mjadala ukaanza, na kama ilivyo desturi ukaanza kwa Kiingereza, kwa kuwa ndiyo lugha ya kufundishia katika sekondari. Wakasema wanne walewale wanaosema siku zote. Waliobaki wakatazama dari. Nasi hapa twasema pasipo kuzunguka kwamba midahalo mingi ya Ijumaa katika shule zetu ni mashindano ya Kiingereza kuliko kuwa mashindano ya akili. Atoaye hoja mbovu kwa maneno yaliyonyooka hupigiwa makofi, na mwenye hoja njema isiyo na maneno huketi nayo. Mwalimu wetu akaliona hilo, akainua mkono, akasema kwamba kwa nusu saa iliyobaki kila mtu aseme kwa Kiswahili. Hapo chumba kikafunguka kama dirisha.

Kijana mmoja alikuwa amekuja na maneno ya kaka yake, nayo aliyasema yote kama atangazaye juu ya gari la kampeni. Alipomaliza, msichana atokaye Uyole, ambaye tangu Januari hakuwahi kunyosha kidole, akasimama akauliza: mtu akiwa mwema lakini chama chake kikamfunga mdomo Bungeni, wema wake utatufaa nini sisi? Yule kijana akafungua kinywa, akakifunga. Kisha akasema, "Hilo sikuwa nimelifikiri." Darasa likacheka, lakini si kwa dharau.

Furaha tunayoitaja ndiyo hiyo. Mwalimu afundishapo kanuni ya hesabu, hupokea kutoka kwa mwanafunzi kile alichompa mwenyewe. Hapa alipokea kitu ambacho hakukitoa. Swali la msichana yule halikuwamo katika maandalio ya somo, wala halikuwamo katika kichwa cha mwalimu. Na kwa sababu hiyohiyo aliogopa, maana palipo na nafasi ya neno jema asilolitazamia, pana nafasi pia ya neno baya asilolitazamia. Atakaye kuondoa hofu yote hana budi kuiondoa na ile nafasi, na akisha kuiondoa atakuwa na darasa tulivu lenye kunakili.

Zamani jambo hili lilikuwa jepesi kwa namna yake. Kabla ya mwaka 1992 somo liliitwa Siasa, na chama kilikuwa kimoja. Si haki kusema kwamba wakati ule hakuna aliyetaka watoto wafikiri. Mwalimu Nyerere mwenyewe, katika Elimu ya Kujitegemea ya Machi 1967, alitaka shule zitoe watu wenye akili ya kuuliza na kupima, wanaoweza kujifunza kwa wengine na kukataa yasiyowafaa. Lakini katika somo la Siasa jibu mara nyingi lilikuwa limekwisha andikwa kabla swali halijaulizwa. Mwalimu hakuwa na haja ya kuificha kura yake, kwani kila mtu aliijua.

Kisha ikaja Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliyoundwa mwaka 1991 kuwauliza wananchi kama nchi iendelee na chama kimoja au iruhusu vingi. Katika kila watu 10 waliotoa maoni, karibu wanane walitaka kubaki na chama kimoja. Hata hivyo Tume ilipendekeza vyama vingi, na tangu Julai 1992 sheria ikaviruhusu. Jambo hili pekee latosha kuwa mjadala wa juma zima kwa Kidato cha Nne. Wachache walishindaje? Je, ilikuwa haki? Hesabu ya vichwa na uzito wa hoja ni kitu kimoja? Tungependa sana kusikia watoto wa Tosamaganga au wa Iyunga wakilibishania hilo.

Sheria ya Vyama vya Siasa ya mwaka uleule wa 1992 ikakataza kufungua matawi ya vyama mahali pa kazi na katika shule. Twaona katazo hilo ni jema. Shule si uwanja wa kuvuna wanachama. Lakini katika shule nyingi limesomwa kana kwamba limekataza hata kufikiri. Mkuu wa shule asikiapo neno "siasa" hufunga dirisha. Tawi la chama lina mwenyekiti wa chama, na kadi, na bendera. Mjadala una hoja, na mtunza saa, na haki ya upande wa pili kujibu. Mtu mzima ashindwaye kuona tofauti ya hivyo viwili, sijui watoto tumwachie vipi.

Wako pia wasemao kwamba mila zetu hazimruhusu mtoto kubishana. Neno hili husemwa sana, na kwa sehemu ni la kweli: mtoto hajibizani na babaye, na vema iwe hivyo. Lakini tuwatazame Wanyakyusa wa Rungwe. Bibi Monica Wilson, aliyekaa kwao pamoja na mumewe miaka ya 1930 na kutoa kitabu juu yao mwaka 1951, alieleza namna vijana wa rika moja walivyotoka kwa wazazi wao na kujenga kijiji chao wenyewe. Humo walikula pamoja na kuzungumza pamoja, na mazungumzo hayo ya watu walio sawa waliyaita ukwangala. Wazee waliamini kwamba mtu hupata hekima kwa kuongea na wenziwe. Aliyekaa peke yake, au aliyekaa na wakubwa tu, alibaki bila kuijua. Basi si kweli kwamba mila haikuwa na mahali pa kijana kubishana. Mahali palikuwapo, pamejengwa kwa mianzi, tena mbali kidogo na masikio ya baba. (Nao Wahehe wa Iringa wana jiwe lao Gangilonga, maana yake jiwe lisemalo. Ingekuwa ajabu mahali ambapo hata jiwe hupewa ruhusa ya kusema, mtoto ashikwe mdomo.)

Sasa turudi kwa swali letu. Watoto karibu hawakosi kuliuliza, na hulingoja mwisho wa kipindi: "Na wewe, Mwalimu, utampa nani kura?"

Baadhi ya wenzetu husema, ajibu. Yeye ni raia, ana akili yake, na mtu mwaminifu haoni haya kutaja aaminiyo. Akinyamaza atawafundisha watoto kwamba siasa ni jambo la kunong'ona. Hoja hiyo ina nguvu, wala hatuipuuzi. Tena kuna historia nyuma yake. Katika vyuo vikuu vya karne ya 13, kama kile cha Paris alikofundisha Mtakatifu Tomaso wa Akwino, mwalimu aliwaacha wanafunzi watoe pingamizi zote, nao walizitoa kwa ukali. Lakini mwisho hakwenda zake, bali alisimama akatoa uamuzi. Mtakatifu Tomaso hata katika vitabu vyake hutanguliza hoja za wampingao, tena huzisema vizuri kuliko walivyozisema wenyewe, ndipo ajibu. Kwa nini basi mwalimu wa Mbeya asitoe uamuzi wake?

Jibu letu ni kwamba inategemea ni neno gani linaloamuliwa. Yule bwana wa Paris aliamua juu ya kweli, nayo kweli haipigiwi kura. Kumchagua Rais ni jambo la namna nyingine. Watu wawili wenye dhamiri safi na habari zilezile waweza kutofautiana, na sheria yenyewe imeifanya kura kuwa siri ili mwenye nguvu asimwonee mnyonge. Na darasani, mwenye nguvu ni nani? Mwalimu ndiye mwenye kalamu nyekundu. Ndiye atakayeandika barua ya sifa za tabia njema. Maoni yake si maoni ya mtu mmoja kati ya 45. Ni jiwe linalotupwa katika mzani wa karanga. Mtoto wa diwani akijua kwamba mwalimu yu upande wa pili, kila alama atakayonyimwa ataipa sababu. Na mtoto wa upande ule wa mwalimu ataacha kufikiri, kwa kuwa amekwisha pewa jibu.

Nyanda za Juu za Kusini zimeipa nchi hii Maspika watatu. Wa kwanza alikuwa Chifu Adam Sapi Mkwawa wa Kalenga, aliyeshika kiti hicho tangu mwaka 1962 hadi 1973, na tena tangu 1975 hadi 1994. Wa pili ni Bibi Anne Makinda wa Njombe, iliyokuwa hapo awali katika Mkoa wa Iringa, naye alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa Spika, tangu 2010 hadi 2015. Wa tatu ni Dakta Tulia Ackson, aliyekalia kiti hicho tangu 2022 hadi 2025 akiwa Mbunge wa Mbeya Mjini. Kila mmoja alikuwa mtu wa chama, na kila mtu alikijua chama chake. Hata hivyo akisha kuketi, kazi yake ilikuwa kuona kwamba aliye upande wa pili amemaliza sentensi yake. Hatusemi kwamba walisifiwa na pande zote. Spika anayesifiwa na pande zote bado hajazaliwa. Twasema tu kwamba kiti kile kina sheria yake, na aketiye humo huliacha neno lake mlangoni. Kiti cha mwalimu ni kigumu zaidi. Mbunge aliyekasirika hutoka nje ya ukumbi na mshahara wake haupungui. Mtoto wa Kidato cha Tatu hana pa kutokea.

Basi mwalimu aifiche kura yake, wala asione haya. Aseme wazi kwa nini anaificha, maana kunyamaza kulikoelezwa si sawa na kunyamaza kwa hila. Na ambaye moyo wake hauwezi kutulia pasipo kuitangaza siasa yake, anao mfano mzuri wa kufuata. Mwezi Machi 1955 Julius Nyerere, aliyekuwa akifundisha Pugu katika shule ya mapadre, alirudi kutoka New York alikosema mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa kwa niaba ya TANU. Alipotakiwa kuchagua kati ya kazi mbili, alijiuzulu ualimu. Hakudai kwamba darasa na jukwaa ni mahali pamoja. Watu waliendelea kumwita Mwalimu mpaka kufa kwake mwaka 1999, lakini mshahara wa ualimu aliuacha Pugu.

Hapa lakini yafaa tuseme neno gumu zaidi, tusije tukampa mwoga mto wa kulalia. Haki ya kuificha kura haigeuki kuwa haki ya kuificha kweli. Mwanafunzi akisema uongo juu ya jambo lililotukia, mwalimu asimame asahihishe, ingawa uongo huo unapendeza wakubwa. Mwanafunzi akimtukana mwenziwe kwa kabila lake au kwa dini yake, mjadala usimame papo hapo. Na yako mambo ambayo hayana pande mbili hata kidogo. Tarehe 2 Septemba 2012, katika kijiji cha Nyololo wilayani Mufindi, mwandishi wa habari Daudi Mwangosi aliuawa wakati polisi walipokuwa wakitawanya mkutano wa CHADEMA. Mwaka 2016 Mahakama Kuu mjini Iringa ilimhukumu askari polisi mmoja kifungo cha miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Mwalimu wa Iringa asiweze kuandika ubaoni, kana kwamba ni hoja ya kuunga na kupinga, kama ilikuwa vema au vibaya mtu yule kufa. Aweza kuuliza jinsi polisi wanavyopaswa kulinda mkutano. Aweza kuuliza sheria ya mikutano iweje. Lakini damu ya mtu haigawanywi katika safu mbili za madawati.

Hayo yamekuwa mazito zaidi tangu tarehe 29 Oktoba 2025. Watu walikufa katika ghasia za siku ya uchaguzi na siku zilizofuata, intaneti ikakatwa, na mwezi Novemba Rais Samia Suluhu Hassan akaunda tume ya kuchunguza. Shule zilipofunguliwa, watoto walirudi wakiwa na mambo waliyoyaona kwa macho au katika simu za kaka zao. Tunajua walimu waliochagua kusema neno lolote lile isipokuwa hilo. Hatuwahukumu, twajua wanachokiogopa. Ila twawaomba wapime hofu yao ni ya nani. Kama mwalimu anajiogopea yeye mwenyewe, hofu hiyo ni ya kibinadamu, nayo yaweza kungoja. Kama anamwogopea mtoto, kwamba atasema neno na neno hilo limfuate hadi nyumbani kwao, hofu hiyo ni sehemu ya kazi, na imfundishe namna ya kuongoza: asimlazimishe mtu kutaja chama cha wazazi wake, awape watoto upande kwa kura ya karatasi ili asemaye asidhaniwe kuwa anasema la moyoni, asiruhusu simu kurekodi, amjulishe mkuu wa shule hoja kabla ya siku yenyewe. Mambo hayo ni madogo. Mwalimu aliyeyafanya huweza kuketi pale nyuma karibu na dirisha na kusikiliza.

Kwa wazazi tuna ombi moja. Mtoto akirudi jioni akasema kwamba leo darasani walibishana juu ya Serikali, baba asikimbilie simu kumpigia mkuu wa shule, wala mama asimwambie anyamaze ale. Mwulizeni kwanza wale wa upande wa pili walisema nini. Akiweza kuieleza hoja yao kwa namna ambayo wao wenyewe wangeikubali, mjue kwamba amekaa chini ya mwalimu hodari. Akishindwa, analo la kumwuliza mwalimu kesho asubuhi.